Nani Aliyewaita Askari Shuleni?



Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipanda jukwaani mjini Nakuru, katika tamasha la kitaifa la maigizo, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakashuka na kwenda zao. Hawakumtukana mtu. Hawakuvunja kiti wala kurusha jiwe. Walikuwa wamesafiri kutoka Kakamega kuja kuigiza mchezo wao uitwao "Echoes of War". Lakini mwandishi na mwelekezi wao, Bwana Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, alikuwa amekamatwa na polisi usiku uliotangulia. Wasichana wakajikuta hawana mwelekezi, hawana vifaa vya jukwaani, na mbele yao hakuna watazamaji. Wakakataa kuigiza. Huko nje askari walikuwa wamejipanga kana kwamba mji umevamiwa, na vitoa machozi vikafyatuliwa. Taifa zima likaziona picha za watoto wa shule, wakiwa katika sare zao, wakilia.

Tukumbushane jambo ambalo wakubwa wangependa tulisahau. Mchezo huo ulikuwa umezuiwa. Kesi ikapelekwa mahakamani. Na mapema mwezi huohuo wa Aprili Mahakama Kuu ikaamuru wasichana hao waruhusiwe kuuigiza. Basi twauliza: wale askari walikwenda Nakuru kutekeleza sheria gani? Siku hiyo sheria ilikuwa upande wa wasichana. Ibara ya 33 ya Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake. Aliyekuwa akiivunja sheria si yule msichana aliyesimama jukwaani.

Wapo waliotaka tujadili kama inafaa mwanasiasa kuwaandikia watoto mchezo. Ni swali halali. Lingeweza kujibiwa na walimu, wazazi na waamuzi wa tamasha wakiwa wameketi vitini. Kulijibu hakuhitaji kofia ya chuma.

Lakini leo hatuandiki kuhusu mchezo. Twaandika kuhusu kile kilichoharibiwa siku ile, ambacho hakionekani kwenye picha yoyote na ambacho hakuna waziri atakayekirudisha kwa hotuba. Msichana mmoja wa Butere, akipatwa na jambo la kutisha mwakani au mwaka utakaofuata, akitishwa na mwalimu, akinyemelewa na jamaa nyumbani, akisikia wenzake wakinong'ona juu ya petroli na viberiti, je, atakwenda kituo cha polisi kusema? Wale wanaoiendesha nchi hii wajiulize swali hilo kwa dhati, kisha watujibu.

Mmoja wetu katika jarida hili alisoma shule ya bweni miaka ya themanini. Shule hatuitaji, kwa kuwa ilikuwa kama nyingine nyingi. Muhula mmoja githeri ilianza kuletwa mezani ikiwa imejaa wadudu, na ikaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Wanafunzi walimtuma kiranja wao kwa mwalimu mkuu, kijana mpole aliyekuwa na imani kwamba wakubwa wakiambiwa watasikia. Akaeleza malalamiko yote kwa adabu, na mwalimu mkuu akayaandika. Kesho yake wanafunzi waliposusia chakula cha mchana, lori la polisi liliingia langoni. Askari walishuka na marungu. Wanafunzi wakapangwa mistari uwanjani. Na karatasi ikasomwa yenye majina ya wachochezi. La kwanza lilikuwa la yule kiranja. Alipandishwa lorini mbele ya shule nzima, akalala kituoni siku mbili, na hakurudi shuleni tena muhula huo.

Wadudu waliisha, twakiri. Chakula kilibadilishwa. Lakini tangu siku ile hakuna mwanafunzi aliyemwambia mkubwa yeyote neno. Muhula uliofuata karibu bweni zima lilijua ni nani walioficha mafuta ya taa nyuma ya ghala, na lilijua kwa siku tatu. Hakuna aliyefungua mdomo. Ghala liliteketea usiku. Ni bahati tupu kwamba hapakuwa na mtu aliyelala humo. Mwenzetu huyu alikuwa miongoni mwa waliojua, na alikuwa na miaka 16. Anatuambia kwamba hata leo, akisikia habari za bweni lililoungua, huanza kwa kujiuliza ni wangapi waliojua wakanyamaza, na ni nani aliyewafundisha kunyamaza.

Nchi hii imewazika watoto wengi mno kwa moto. Bombolulu, Machi 1998, wasichana zaidi ya 20. Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67, ambao madirisha yao yalikuwa na nondo na mlango wao mmoja ulikuwa umefungwa. Shule ya wasichana ya Moi jijini Nairobi, Septemba 2017. Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 waliokufa katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150. Kila mara baada ya msiba tunasikia wimbo uleule: ulinzi uongezwe, askari wapelekwe, wachochezi wasakwe. Hatusemi kwamba mikasa hii yote ilikuwa na chanzo kimoja, wala kwamba kila moto uliwashwa na mwanafunzi. Twasema kwamba mahali ambapo mtoto ndiye mwashaji, ulinzi wa kwanza ni mtoto mwingine anayejua na anayethubutu kusema. Hakuna mbwa wa polisi anayeweza kunusa siri iliyo kifuani mwa mvulana wa kidato cha pili. Siri hiyo hutoka kwa hiari, naye humpa mtu anayemwamini.

Na hapa twataka kuwauliza wenye mamlaka jambo la aibu. Mwongozo wa serikali yenyewe wa usalama shuleni, uliotolewa mwaka 2008, unaagiza madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na milango ifunguke kwa nje. Nani aliyewahi kuona lori la askari likiingia shuleni kung'oa nondo? Nani aliyewahi kuona mwenye shule akipangwa mstari uwanjani na jina lake likisomwa kwa kuwarundika watoto kama magunia? Nguvu ya dola huamka haraka mtoto anapobeba bango. Mtoto huyo anapofungiwa usiku ndani ya jengo lisilo na pa kutokea, dola imelala fofofo.

Jambo hili halikuanza jana. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwaka 1952, ilizigeukia shule za kujitegemea ambazo Waafrika walikuwa wamezijenga kwa michango yao wenyewe, ikazifunga. Chuo cha Walimu cha Githunguri kikageuzwa gereza na mahali pa kunyongea watu. Fikirini hilo: darasa la kuwaandaa walimu likawa jirani wa kitanzi. Uhuru ulipokuja tulitarajia askari abadilike. Kule Kamiriithu, mwaka 1982, wanakijiji walishuhudia polisi wakija kuubomoa ukumbi wa michezo waliojijengea kwa mikono yao. Februari 1985, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wanafunzi waliokusanyika kwa maombi walivamiwa na kupigwa. Siku ya Saba Saba mwaka 1997 askari waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints, wakawapiga mbele ya madhabahu, na siku hiyohiyo wakawavamia wanafunzi chuoni. Waliokuwa wakidai vyama vingi na katiba mpya wakati ule waliambiwa wao ni wachochezi. Neno hilo bado linaishi. Limehama tu kutoka kwa watu wazima likawafuata watoto wa sare.

Katiba mpya ilipopatikana, wengi wetu tuliamini kwamba tumevuka mto. Ibara ya 244 inaitaka huduma ya polisi iheshimu haki za binadamu na ijenge uhusiano mwema na jamii. Ibara ya 53 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna, inakataza asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, na inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yatakayotangulia. Mwaka 2011 ikatungwa sheria mpya ya polisi, na ikaundwa mamlaka huru ya kuwasimamia. Juu ya magari yao wameandika "Utumishi kwa Wote". Maneno mazuri kabisa.

Kisha ikaja tarehe 19 Januari 2015. Wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Mtu mwenye nguvu alikuwa ameutamani. Watoto wakatoka na mabango, wakausukuma ukuta huo ukaanguka, na polisi wakawajibu kwa vitoa machozi na mbwa. Tunazungumza juu ya watoto wa shule ya msingi! Wengine walikuwa bado hawajui kusoma vizuri maandishi ya bango walilolishika. Wapo waliopelekwa hospitali.

Twataka kuwa waadilifu. Safari ile serikali iliona haya. Waziri wa usalama, Bwana Joseph Nkaissery, aliomba radhi, afisa aliyekuwa msimamizi akasimamishwa kazi, uwanja ukarudishwa. Wakati huo wengi walisema somo limefundishwa. Sisi twasema somo lililowafikia watoto wale lilikuwa jingine kabisa. Walijifunza kwamba mwizi wa uwanja alipata ulinzi wa polisi na mwenye uwanja akapata moshi, na kwamba haki ilikuja baadaye kwa sababu tu wapiga picha walikuwepo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile alikuwa na miaka 19 mwezi wa Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha na risasi zikawamiminikia. Msimwambie kijana huyo kwamba polisi ni rafiki yake. Alianza kuwajua mapema.

Tunawasikia wanaotupinga, na baadhi yao si vibaraka wa mtu. Ni wazazi wenye uchungu. Wanatuuliza: je, Garissa? Aprili 2 mwaka 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Je, mngependa pasiwe na askari? La hasha. Kule Garissa kilio chetu ni kwamba askari waliohitajika walichelewa. Wauaji waliingia alfajiri, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kikafika alasiri. Hiyo ndiyo kazi ya bunduki ya serikali: kusimama kati ya mwanafunzi na muuaji. Miezi miwili na nusu tu kabla ya siku hiyo, askari hawakuchelewa hata kidogo kufika Lang'ata. Mzazi anayetuuliza kuhusu Garissa auweke ukweli huo pamoja na swali lake.

Na kuna mtoto mwingine anayemhitaji polisi kuliko sisi sote. Ni yule anayedhulumiwa na mtu mzima ndani ya shule yenyewe. Kila mtu anayefanya kazi karibu na shule zetu amesikia habari za mwalimu anayewaita wasichana nyumbani kwake jioni. Mtoto huyo hawezi kumwendea mwalimu mkuu, ambaye huenda ni rafiki wa mkosaji na anaogopa jina la shule kuchafuka. Mara nyingi hawezi kumwambia mzazi. Amebakiwa na dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto. Hebu tumweke msichana huyo katika ua wa tamasha la Nakuru. Moshi umemwingia machoni na kifuani. Mwezi unaofuata anaambiwa na mshauri wa shule, kwa nia njema kabisa, kwamba akiwa na tatizo awaone polisi. Atatingisha kichwa kukubali, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu. Hatakwenda. Na yule mwalimu ataendelea kuwaita wengine.

Ndiyo maana twasema kwamba kila kitoa machozi kinachorushwa karibu na watoto wa shule ni zawadi kwa mkosaji aliyejificha.

Tena pana hili la vitisho. Kwa miaka kadhaa sasa, kila shule zinapochafuka, idara ya upelelezi wa jinai hutoa onyo kwamba mwanafunzi atakayeshiriki ghasia atawekwa katika kumbukumbu za wahalifu, na kwamba siku atakapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi, rekodi hiyo itamngoja. Aliyebuni onyo hili huenda alidhani anazima moto. Ajaribu kuliona kwa macho ya mvulana aliyemo ndani ya bweni. Amealikwa kwenye mpango mbaya, amekwenda kikao cha kwanza kwa kuwa waliomwita ni wakubwa wake, na sasa anaogopa. Angependa kujitoa na kusema. Lakini ameambiwa kwamba jina lake likishaandikwa, maisha yake yamekwisha. Onyo hilo limemfungia mlango wa kutokea, kama nondo zile za Kyanguli. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeandikwa kwa moyo mwingine kabisa. Imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na inataka mtoto aliyekosa arekebishwe, arudi kwao. Upelelezi unatoa vitisho kana kwamba sheria hiyo haikupigiwa chapa.

Hata mitihani sasa tumeikabidhi kwa bunduki. Tangu mwaka 2016 karatasi za mitihani ya taifa huwekwa katika makontena na kusindikizwa na askari wenye silaha mpaka kwenye vituo vya mtihani. Tunajua chanzo. Wizi wa mitihani wa mwaka 2015 ulikuwa wa kutisha, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Lakini bodi iliyovunjwa haikuwa ya wanafunzi. Karatasi hazikuvujishwa na msichana wa Mwingi au mvulana wa Lamu. Ziliuzwa na watu wazima wenye funguo. Hatusemi makontena yaondolewe. Twasema tu kwamba kuna watoto ambao siku pekee wanayomwona askari karibu ni siku ya kufanya mtihani, naye anawatazama kana kwamba wamekuja kuiba.

Kuna polisi wema. Twawajua. Yuko konstebo ambaye watoto wake wanasoma katika shule ileile aliyotumwa kuizingira, anayeishi na mkewe katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na familia nyingine, na ambaye jioni anaona haya kuvua sare mbele ya binti yake. Ugomvi wetu si naye. Ni wa yule anayemtuma, aliyeketi ofisini, ambaye hatumjui kwa jina na hatumjui kwa kuwa hakuna anayelazimishwa kusaini amri.

Ndipo tunafika kwenye madai yetu. Askari mwenye silaha asikanyage ndani ya ua wa shule kwa ajili ya mgomo, maandamano, mchezo wa kuigiza au utovu wa nidhamu. Aingie pale tu maisha ya mtu yapo hatarini, na aliyemwita aandike jina lake, saa na sababu, na karatasi hiyo ionyeshwe kwa wazazi. Vitoa machozi visitumike kamwe mahali walipo watoto wa shule, wawe barabarani au ukumbini. Mwanafunzi asihojiwe na polisi bila mzazi, mlezi au wakili kando yake. Onyo la cheti cha tabia njema lifutwe hadharani, kwa sauti ileile lililotangazwa nayo. Na aliyetoa amri Nakuru asimame mbele ya wananchi aeleze ni nani aliyempa ruhusa ya kuipuuza Mahakama Kuu.

Tunajua baadhi ya wakubwa watayasoma haya na kucheka. Watasema tunawadekeza watoto. Walisema vivyo hivyo viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na wengine wao bado wanavitamani.

Kwa hiyo hatutawangoja. Muhula ujao shule zitafungua milango na mikutano ya wazazi itaitwa. Mtaambiwa kuhusu karo, kuhusu basi jipya, kuhusu jengo lisilokwisha. Mzazi mmoja ainuke, akiwa amevaa vizuri na kusema kwa heshima, na aulize: katika shule hii, nani ana mamlaka ya kuwaita polisi, na imeandikwa wapi? Mwalimu mkuu asipokuwa na jibu, swali liandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na jina la aliyeuliza, na mkutano unaofuata liulizwe tena kabla ya habari za basi.